Sahihi Yangu Ndiyo Pekee Iliyobaki

BARUA

Assalaam aleikum, mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkaazi wa Kisauni, na riziki yangu ni kuuza leso katika Barabara ya Biashara hapa Mombasa. Nakuandikia kwa sababu kila nikilala naiona karatasi ya benki yenye sahihi mbili na nafasi moja tupu, na nafasi hiyo ni yangu.

Tuna chama cha wanawake ishirini na wawili, Waislamu kwa Wakristo, wengi wetu wafanyabiashara wadogo wa mjini na wachache walioajiriwa. Kwa miezi ishirini na sita tumekuwa tukichanga shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi, bila mtu kuruka hata mwezi mmoja, na sasa akaunti yetu ina shilingi 1,144,000. Makubaliano yetu, yaliyoandikwa katika daftari ninalolitunza mimi, ni kwamba fedha hizo zina kazi mbili: kuwakopesha wanachama karo kila Januari, na hatimaye kununua kiwanja Kikambala. Mimi ndiye mweka hazina, na fedha hazitoki benki ila kwa sahihi tatu, ya mwenyekiti, ya katibu na yangu.

Mwezi wa Agosti binti mmoja miongoni mwetu, mdogo kuliko sote na msomi, alituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha inayoonyesha hisa alizonunua mwaka uliopita. Aliweka shilingi 40,000 na zilikuwa zimefika 71,000. Pongezi zilimiminika usiku kucha. Wiki iliyofuata mwingine akaleta picha ya hisa za mumewe, kisha mwingine za kakake aliyeko Nairobi, na tangu hapo hakuna anayetaka kusikia habari ya kiwanja. Mwezi uliopita kura ilipigwa papo hapo kwenye simu, kwamba fedha zote zinunue hisa za benki mbili na kampuni moja ambazo bei zake zimepanda sana. Alama za kidole gumba zilihesabika ishirini na moja. Binti huyo alisema kwamba, ili tusichelewe, fedha zipitie katika akaunti yake ya hisa kwa kuwa tayari anayo.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi tano, mimi na mume wangu tulikopa shilingi 50,000 tukaomba hisa 10,000. Naikumbuka foleni ile: watu wamesimama juani tangu asubuhi na fomu mikononi, na kila aliyepita akauliza foleni ni ya nini, na alipoambiwa naye akasimama. Tulipata hisa elfu mbili na kidogo tu. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu na shilingi tatu, kila mtu akisema tumeliwa, nasi tukauza huku mkopo bado tunaulipa. Mwaka 2021, niliposikia kwamba hisa ile ile imepita shilingi 40, nilifunga duka mapema nikaenda nyumbani.

Mwenyekiti wetu, ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi, amenijia dukani mara mbili. Mara ya kwanza alinibembeleza. Mara ya pili alikaa kwenye kigoda changu, akapapasa doti moja ya leso kana kwamba anataka kununua, kisha akaniambia bila kuniangalia, "Mwanangu, wengi wape." Wengine sasa wananisalimia kwa mkato, na mmoja ameandika kwenye kundi kwamba kuna watu wasiopenda kuona wenzao wakiinuka. Hakunitaja jina, lakini hakuwa na haja ya kunitaja.

Lipo jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Wiki mbili baada ya ile picha ya kwanza, nilinunua hisa zangu mwenyewe za shilingi 60,000, kwa simu, nikiwa nimekaa nyuma ya marundo ya leso. Leo zimefika shilingi 66,500. Kila usiku baada ya Isha naziangalia, ingawa najua soko limefungwa na bei haiwezi kuwa imebadilika. Mchana nawaonya wenzangu, usiku nafurahia. Najiona mnafiki.

Mkutano wetu ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Je, nitie sahihi, nikatae, au nijiuzulu nipumzike? Au labda mimi ndiye mwenye kasoro, kwa maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka?

Mweka Hazina, Kisauni


JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Umeandika kana kwamba swali ni moja, sahihi itiwe au isitiwe, lakini nilipomaliza kusoma nilihesabu mambo matatu yaliyofungwa katika kitambaa kimoja. Lipo la fedha za watu ishirini na wawili, ambazo zilipewa kazi yake tangu siku ya kwanza. Lipo la mwaka 2008, ambalo bado halijakutoka. Na lipo la hisa zako mwenyewe, ulilolileta mwisho kabisa, kama mgeni anayetaja haja yake akiwa amekwisha kuvaa viatu. Nitakaa zaidi na hilo la kati, kwa sababu naona ndilo linaloyashika mengine mawili.

Umeisimulia habari ya 2008 kama kosa lenu, wewe na mumeo. Hebu tuitazame tena. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2006, hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90, na zilipoingia sokoni bei yake ilizidi mara tatu siku ile ile ya kwanza. Waliozipata walisimulia, na waliozikosa walisikiliza huku wakiapa kwamba hawatakosa tena. Kwa hiyo zamu ya Safaricom ilipofika, wengi hawakuwa wakiipima Safaricom. Walikuwa wakiikumbuka KenGen. Mabenki yalikopesha, foleni zikarefuka, na watu zaidi ya 800,000 wakawa wenye hisa, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Maombi yalizidi mno, hata waombaji wa kawaida wakapewa takriban sehemu moja kwa tano ya walichoomba, na aliyekopa kwa ajili ya hisa elfu kumi alijikuta na elfu mbili tu mkononi. Sasa fikiria mtu aliyenunua kwa mkopo akitarajia kuuza kwa faida wiki ya kwanza, na jirani yake vivyo hivyo, na jirani wa jirani yake. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni 2008 bei ilipanda juu ya shilingi saba, kisha wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, na msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani ukaja kuongeza uzito. Kampuni yenyewe haikuwa imefilisika. Kilichoanguka ni matarajio ya umati ulioingia kwa mlango mmoja, kila mtu akiwa na nia ile ile ya kutoka mapema.

Wewe u mkaazi wa Kisauni, lakini naamini umewahi kuvuka Likoni wakati wa jioni. Feri ikiwa bado haijagusa gati, mtu mmoja akianza kukimbia kwenye mteremko, wa nyuma yake hukimbia, na mama aliyejitwika ndoo ya samaki naye hukimbia, bila yeyote kuona kilichomkimbiza yule wa kwanza. Huenda alikuwa akimfukuzia mtoto wake. Hata hivyo siwezi kuwaita wajinga, kwa sababu feri kweli huondoka na kweli huacha watu. Soko la hisa nalo liko hivyo: kuwatazama wengine ni njia ya haki kabisa ya kupata habari ambayo wewe huna. Taabu huanza pale kila mmoja anapomtazama mwenzake na hakuna hata mmoja anayeitazama feri.

Kwa hiyo nakuomba usishikilie mno dhana moja niliyoiona imejificha katika barua yako, kwamba wengi wakielekea upande mmoja basi lazima wamepotea. Kupanda kwa bei katika kipindi hiki kuna sababu zinazoonekana. Benki Kuu ya Kenya ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 13 katikati ya 2024 hadi chini ya asilimia 10 mwaka uliofuata, na hati fupi za serikali, yaani mikopo ya muda mfupi ambayo watu huipa serikali kwa riba, ambazo kwa muda zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16, nazo zikashuka chini ya asilimia 10. Wenye fedha nyingi waliokuwa wakilala usingizi wao katika hati hizo wakaanza kutafuta mahali pengine. Hisa hiyo hiyo ya Safaricom, iliyokuwa karibu na shilingi 13 mwanzoni mwa 2024, ilivuka 25 katika mwaka wa 2025. Binti yenu basi hakuokota tu. Lakini sababu iliyoipandisha bei jana imo tayari ndani ya bei ya leo, na anayenunua leo hainunui faida ya binti, bali ananunua kwa bei ambayo binti angefurahi kuuzia.

Kazi yako imekufundisha hili kuliko vitabu vyangu. Ukienda kwa muuzaji wa jumla kabla ya Idi, huchukui leso kwa kuwa mji wake na pindo lake vimekupendeza wewe. Unatafuta jina ambalo unadhani wanawake watalitaka, nao watalitaka kwa sababu wameliona harusini limevaliwa na wengine. Mwanauchumi Mwingereza, John Maynard Keynes, mwaka 1936 alilifananisha soko la hisa na shindano la gazeti ambapo wasomaji huchagua nyuso nzuri kati ya picha nyingi, na tuzo humwendea yule ambaye chaguo lake limekaribiana zaidi na la wote kwa jumla. Katika shindano kama hilo mshindani hachagui uso anaouona mzuri, wala hata ule anaodhani wengi wanauona mzuri. Anakisia wengi wanakisia nini kuhusu wengi. Angekuwa na duka jirani na lako angetaja majina ya leso. Na nadhani juu ya rafu yako lipo rundo la doti ambazo jina lake lilivuma msimu mmoja, na sasa hazitoki hata kwa bei uliyonunulia. Afadhali hizo, maana zisipouzwa utajifunga. Hisa isiyouzika nayo inaweza kukupa gawio ikiwa kampuni inapata faida na kuigawa, na hiyo ndiyo sababu tulivu ya kuinunua, ambayo katika yote uliyoyanukuu kutoka kwenye kundi sikuiona hata mara moja.

Tumeyaona haya hata nje ya soko la hisa. Mwaka 2013 na 2014 watu wengi nchini walikimbilia kufuga kware, kwa habari zilizoenea kwamba mayai yake ni dawa ya kila maradhi. Kwa muda yai liliuzwa kwa bei ambayo kuku hajawahi kuiota, kisha bei ikaporomoka hadi watu wakawa hawana pa kuyapeleka. Mnunuzi mkubwa wa kware alikuwa mtu mwingine anayetaka kuanza kufuga kware, na siku wafugaji wapya walipokwisha, wanunuzi nao wakawa wamekwisha. Wala elimu haikingi. Mwaka 1720 huko Uingereza Isaac Newton, mtu aliyekokotoa mwendo wa sayari, alikuwa ameuza hisa zake za kampuni ya South Sea kwa faida nzuri; bei ikaendelea kupanda bila yeye, akarudi kununua kwa bei ya juu zaidi, na ilipoanguka akapoteza fedha nyingi. Ni vigumu kuamini kwamba hesabu ndiyo iliyomrudisha.

Nakutajia Newton kwa sababu ya zile wiki mbili zako baada ya picha ya Agosti. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya namna tunavyoamua mambo yenye hatari, na moja ya waliyoyaonyesha ni kwamba hasara humuuma mtu zaidi ya inavyomfurahisha faida ya kiasi hicho hicho. Vipimo vya baadaye vimekuwa vikikadiria kwamba huuma takriban mara mbili. Wewe una maumivu mawili yanayovutana. Moja ni la 2009, ulipouza kwa hasara. La pili ni la siku ile ya 2021 ulipofunga duka mapema, na hilo huenda ndilo lenye makali zaidi, kwa kuwa halina mtu wa kulaumiwa. Naogopa, dada yangu, kwamba "hapana" yako ya mchana inatoka 2009, na "ndiyo" yako ya usiku inatoka 2021, na hakuna hata moja inayotoka katika daftari. Ukitazama vizuri, mara ya kwanza ulinunua kwa sababu watu walinunua, ukauza kwa sababu watu waliuza. Kama sasa utakataa kwa sababu tu watu wamekubali, bado ni wao wanaokushika mkono, ila wanakupeleka upande wa pili.

Kwa hiyo ningeanza na daftari. Limeandikwa karo ya Januari. Kati ya mkutano wenu na siku shule zinapofunguliwa pana miezi miwili tu, na hakuna anayejua bei itakuwa wapi katika muda mfupi hivyo, awe msomi au dalali wa hisa aliyezeekea kazini. Ile hisa mliyoinunua kwa shilingi tano iliwapa waliosubiri mara nane ya fedha zao ilipofika 2021, lakini ilichukua miaka kadhaa hata kukaa imara juu ya ile tano. Mwalimu mkuu hasubiri miaka kadhaa. Fedha za kiwanja ni habari nyingine, kwa maana kiwanja kinaweza kungoja, na hapo wenzako wana hoja inayostahili kusikilizwa kwa heshima. Je, katika majadiliano yenu kuna aliyezitenganisha fedha hizi mbili, au zimejadiliwa kama donge moja?

Sasa tuje kwa wale ishirini na mmoja. Mwenyekiti amekuambia wengi wape, na kwa jambo kama rangi ya sare au siku ya mkutano nisingeongeza neno. Ila nina shaka kama kweli ni ishirini na mmoja. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaketisha wanafunzi pamoja na watu waliokwisha kuelekezwa majibu, akawaonyesha mistari, na kuwauliza ni upi unaolingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kwa mtoto. Lakini wote waliotangulia walipotaja jibu la makosa, takriban watatu katika kila wanafunzi wanne walifuata kosa hilo angalau mara moja. Alipomweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, mwanafunzi alipata ujasiri na kufuata kwake mkumbo kukapungua sana. Kulipungua vilevile pale alipoandika jibu lake faraghani badala ya kulisema mbele ya wenzake. Sasa itazame kura yenu: ilipigwa hadharani, kwenye simu, baada ya wiki kadhaa za pongezi, na kila aliyeweka kidole aliviona vidole vya waliomtangulia. Wa kumi na tano alikuwa akijibu swali gani, la hisa au la kuitwa mwenye kijicho? Sijui, na wewe hujui, na pengine hata yeye mwenyewe hajui.

Kabla sijaendelea nirudi kwenye jambo ulilolipitia kwa sentensi moja. Fedha za chama kupitia akaunti ya mtu binafsi ni suala ambalo halina uhusiano na kama bei itapanda au itashuka. Simtuhumu binti huyo. Sina sababu, na bila shaka ametaka kuwarahisishia. Lakini hisa zilizoandikwa kwa jina lake ni zake mbele ya sheria, na akifariki, au akipata mgogoro wa ndoa au wa madeni, ishirini na mmoja wenu mtakuwa mashahidi tu wenye picha za WhatsApp. Kikundi kinaweza kufungua akaunti yake chenyewe kwa kampuni ya udalali iliyopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu. Hiyo huchukua siku kadhaa, na feri hii haiondoki wiki hii. Katika yote uliyoniuliza, hapa ndipo nisingeona haya kukaza uzi. Kuhusu uhalali wa hisa za benki za riba kwa wanachama Waislamu, hilo wapelekeeni wanaolijua, ila msilipitie kimya kimya kwa kuwa bei imepanda.

Ukitia sahihi kama walivyotaka, utapata amani ya Novemba, na huenda bei ikaendelea kupanda na wewe ukajilaumu kwa kuchelewesha. Huenda pia ikashuka kabla ya Januari, na kundi lile lile la simu lililojaa pongezi litajaa hofu. Kila mtu atataka kuuza asubuhi hiyo hiyo, katika soko dogo kama letu ambalo siku za kushuka wanunuzi huwa haba. Ukikataa kabisa, utakuwa umelinda karo, lakini chama kinaweza kuvunjika, na bei ikipanda utatajwa kila mkutano kwa miaka. Kujiuzulu kunavutia kuliko yote kwa aliyechoka. Hata hivyo nafasi yako itajazwa ndani ya wiki moja, pengine na binti mwenyewe, na shilingi zako 52,000 bado zitakuwemo. Ipo njia ya kutenga fedha za karo zisiguswe, na sehemu ya fedha za kiwanja kununuliwa hisa kidogo kidogo kwa miezi mingi, mkiwa mmekwisha kuandika, kabla ya kununua, ni jambo gani litakalowafanya muuze na nani atakayeamua. Wengi huisifu njia hii, nami pia naielekea, lakini haikosi hatari: bei ikipanda mtasukumwa kuongeza zilizobaki, na makubaliano ya katikati wakati mwingine huwa tu ni njia ya kila mtu kuepuka kusema anachokiamini.

Imebaki siri yako. Umejiita mnafiki, mimi naona mtu aliyepita foleni, akauliza ni ya nini, akasimama. Fedha zilikuwa zako, na uamuzi wa mtu kuhusu shilingi zake 60,000 si lazima ulingane na uamuzi wake kuhusu amana ya wenzake. Lakini uzito wake umebadilika tangu uliposimama mbele yao kuwaonya. Ukiwaambia kabla ya kura, wapo watakaosema ulitaka kutajirika peke yako, na sitakuficha kwamba hilo litauma. Wasipoambiwa kisha wakajua, na Mombasa ni mji wa kujua, kila neno ulilowahi kusema juu ya karo litapoteza nguvu. Huenda pia maneno "nami nimenunua, na hizi ndizo fedha ambazo nikizipoteza mtoto wangu ataendelea kusoma" yakawaeleza tofauti unayoiona kuliko onyo lolote ulilokwisha kutoa. Mumeo naye angestahili kusikia mapema, kwa kuwa ile hasara ya 2009 mliibeba pamoja. Na hizo hisa unazozitazama baada ya Isha wakati soko limelala, ungezitazamaje kama zingekuwa 53,500 badala ya 66,500? Jibu lake unaweza kulipata peke yako, bila chama na bila mimi.

Zimebaki siku chache. Kama utaamua kumwendea mwenyekiti, nenda wewe nyumbani kwake safari hii, usimngoje dukani, na umwombe jambo moja dogo ambalo mzazi hawezi kulikataa: kura irudiwe kwa siri, na maswali yawe mawili, la fedha za karo mbali na la fedha za kiwanja. Kurasa nne za daftari zatosha kukatwa vikaratasi arobaini na vinne. Chukua na kalamu za rangi moja.